Mbung'o wa Hereni 0117

Jumatatu, 2 Juni 2025

Barua ya kikundi chetu cha kupokezana ng'ombe imefika. Ndama Gaju akabidhiwe Jumapili ya tarehe 22, baada ya misa. Mpokeaji: Idefonsi. Kati ya kaya zote za Murukulazo, Idefonsi. Jirani yangu, na tena shemeji, maana ni binamu yake Domisiana, mke wangu. Mtu ambaye jogoo wake hulala kwake na kuja kuwika kwangu.

Nilisaini mwenyewe, sikatai. Miaka mitatu iliyopita mama Clotilda alinikabidhi Bihogo akiwa bado mtamba, nami nikaweka sahihi kwamba ndama jike wa kwanza nitampitisha kwa kaya inayofuata. Wakati ule ndama hakuwepo. Ni rahisi sana kutoa ndama ambaye hayupo. Sasa yupo. Ana doa jeupe kwenye paji kama unga uliomwagika, na kila asubuhi hunilamba shingo mpaka kola inalowa. Mkataba haukutaja kulambwa.

Nimeusoma mkataba mara nne. Kifungu cha tisa: mnyama hatakabidhiwa wala kubaki kwenye kaya iliyothibitika kuwa na mbung'o, kwa kuwa ng'ombe hawa ni chotara na hawahimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na nzi huyo. Nikarudia polepole. Shamba la Idefonsi limepakana na kichaka cha bondeni. Kichaka kina nzi. Katika nzi wote hao hawezi kukosekana mmoja mwenye sifa.

Irine, mtaalamu wetu wa mifugo, alishatuambia: ukiona nzi unayemshuku, mpige picha, nitumie kwa simu, uandike ni kwa nani. Binti mwerevu. Siku ishirini kwa nzi mmoja ni nyingi mno. Nimekula chakula cha jioni kwa amani.


Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda kwa Idefonsi kumpongeza kwa banda jipya. Banda zuri, kwa bahati mbaya. Sakafu ya mawe, hori la mbao, matete yamekatwa urefu mmoja kama nywele za bwana harusi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shemeji, karibu ukague atakapolala mwanao."

Amemwita Gaju mwanangu. Nikaangalia pembeni. Pembeni kulikuwa na nzi.

Nimepiga picha kumi na moja. Nane ni za nguzo, nzi alikuwa ameshaondoka. Mbili ni za kidole changu. Moja safi. Nzi wa kijivu, mwenye sura ya ubaya. Nikamtumia Irine: mbung'o, kwa Idefonsi.

Jibu limenikuta njiani. Shikamoo mzee Protasi, huyo ni nzi wa nyumbani. Ana mistari minne myeusi mgongoni, ihesabu. Mdomo wake ni kama sifongo, unafyonza mchuzi tu, hauumi. Mbung'o hana mistari hiyo, na mdomo wake umechomoza mbele kama sindano.

Nimehesabu. Minne. Miaka hamsini na minne nimekula sahani moja na nzi huyu na sikuwahi kumtazama mgongo.

Haidhuru. Sasa najua ninachotafuta. Sindano.


Ijumaa, 6 Juni

Nimempata mwenye sindano. Kwa hakika yeye ndiye aliyenipata. Nilikuwa nimejibanza kwenye migomba nyuma ya banda la Idefonsi, akanichoma kwenye kifundo cha mguu juu ya soksi. Sikupiga kelele. Nikavaa miwani yangu ya kusomea, nikaiweka simu nyuma ya kioo cha miwani, nikampiga picha akiwa bado mezani, yaani mguuni. Sindano inaonekana. Damu inaonekana. Soksi inaonekana na tundu lake.

Irine anasema huyo ni nzi wa zizi. Nikamwandikia kwamba ana sindano na ameniuma, anataka nini zaidi. Akajibu kwa upole, na huo upole wake ndio unaoniudhi. Ni kweli ana sindano, ni kweli anauma. Lakini akitua anayaacha mabawa wazi, moja huku na jingine kule. Mbung'o akitua analaza bawa moja juu ya jingine, kama makasi yaliyofungwa.

Jioni nimekagua nzi wote wa jikoni. Akinipa mgongo, mabawa ni wazi. Akigeuka ubavu, ni makasi. Akiruka, hana mabawa kabisa, ana kelele tu. Domisiana aliniuliza kwa nini nimeinamia mfuniko wa sufuria muda wote huo. Nikamwambia naangalia kama ugali umeiva. Akasema leo ni ndizi.

La kuudhi zaidi: Irine amempigia Idefonsi kumweleza kwamba nzi wa zizi huzaliana kwenye samadi iliyokaa. Idefonsi ameondoa samadi yote mchana huohuo, kisha akapita kwangu kunishukuru. "Nisingejua, shemeji. Wewe una macho." Nikamwambia si kitu.


Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Siku mbaya.

Irine aliwahi kutuambia kikundini kwamba mbung'o huvutwa na rangi ya bluu. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Nami jana nikafikiri: mbung'o wa Idefonsi wapo, ila hawajaitwa vizuri. Bluu iliyo kali kuliko zote hapa kwetu ni kitenge cha kwaya cha Domisiana. Nikakitundika kwenye ua wa Idefonsi, upande wa kichakani, nikinuia kukirudisha kabla ya chakula cha jioni. Kisha Bihogo akakata kamba, nikashinda kumfuata, nikasahau.

Leo kwaya nzima imeimba kwa bluu, safu tatu. Domisiana safu ya mbele, kwa kijani. Padri alimtazama mara mbili. Mimi mara moja, kisha nikasoma kitabu cha nyimbo mpaka mwisho wa misa, pamoja na ukurasa wa mchapishaji.

Baada ya misa Idefonsi alikuja na kitenge mkononi, kimefuliwa, kimekunjwa. Akasema upepo umekipeleka kwake. Ncha moja imeliwa na mbuzi. Domisiana alimshukuru binamu yake, akanitazama mimi, kisha akautazama ule mti wetu wa parachichi ambao jana haukutikisika hata jani.

Ndani ya mikunjo nilikuta nzi watatu waliokufa majini. Niliwakagua. Mistari minne, mistari minne, na mmoja asiye na kichwa.


Jumanne, 10 Juni

Nilijua nimeshinda. Mkubwa, wa kahawia, sindano sijui, lakini mabawa yamelala mgongoni. Hayakutanuka. Nikamtuma kwa Irine bila hata salamu.

Huyo ni nzi aitwaye kipanga, akasema. Mtazame macho, yana mistari ya kijani inayong'aa. Mabawa yana madoadoa na yameinama kama paa la nyumba. Ya mbung'o hulala bapa, moja juu ya jingine kabisa, mpaka unaona kama ana bawa moja. Halafu akaongeza, kana kwamba sijachoka: ukitaka uhakika kamili, angalia katikati ya bawa. Mishipa ya mbung'o imechora umbo la kishoka. Hakuna nzi mwingine mwenye kishoka hicho. Picha ikiwa safi, kishoka kinasomeka.

Mistari, sindano, makasi, paa, shoka. Mimi natafuta nzi, yeye ananipa orodha ya duka la vifaa vya ujenzi.

Tangu saa hizo naona vishoka kila mahali. Kwenye jani la mgomba. Kwenye ufa wa ukuta. Kwenye kiganja cha mama Clotilda, aliyepita kuazima ungo. Nikamuuliza siku ile aliponikabidhi kamba ya Bihogo alifanyaje, maana nakumbuka hakutoa hata chozi. Akasema alinipa kamba, akageuka, akaenda nyuma ya nyumba kupepeta maharage.

"Yalikuwa yameshapepetwa," akasema.

Sikuona maharage yanahusiana vipi. Watu wakizeeka wanaruka kutoka habari moja kwenda nyingine.

Zimebaki siku kumi na mbili. Nimefikia uamuzi. Kama mbung'o hawako kwa Idefonsi, basi ni kwa sababu hakuna aliyewapeleka.


Alhamisi, 12 Juni. Biharamulo

Nimemwambia Domisiana kwamba dada yangu Deodata anaumwa. Nikapanda basi la asubuhi, nikashuka Lusahunga, nikapata bodaboda mpaka kwake, pembeni ya msitu. Nimemkuta mgonjwa amebeba gunia la mihogo kichwani.

Nikamweleza ninachotaka. Aliweka gunia chini ili acheke vizuri. Akasema tangu aolewe huko ameona watu wakija kuwafukuza mbung'o, kuwatega, kuwapulizia dawa. Anayekuja kuwachukua ni mimi wa kwanza. Akaniuliza kama huko Ngara tumeishiwa shida.

Nimevaa shati la bluu, nikaingia njia ya msituni. Hapa hakuna haja ya kutafuta. Wanakuja wenyewe, kwa mpangilio, kama watu wa mnada. Wa kwanza alinichoma katikati ya mgongo, mahali ambapo mkono haufiki. Wa pili nilimpiga kofi, nikawa na bapa lisilo na sifa yoyote. Wa tatu pia. Kofi ni tabia, haliachwi kwa siku moja.

Lakini nimewaona. Makasi! Bawa moja juu ya jingine, bapa, kabisa kabisa, kama Irine alivyosema. Nilisimama pale nikitokwa na damu na kufurahi.


Jumamosi, 14 Juni

Nimerudi. Ninao wawili, kwenye kopo la siagi ya karanga, mdomoni nimefunga kipande cha chandarua. Mmoja mdogo, alikufa kabla ya Lusahunga. Mwingine jike mkubwa, mzima, mwenye hasira. Ndani ya basi mama mmoja aliniuliza nimebeba nini kinachovuma. Nikasema dawa. Akahamia kiti cha mbele.

Domisiana ameuliza hali ya Deodata. Nikasema amepata nafuu. Akasema anafurahi, maana walizungumza kwa simu juzi na Deodata hakuwa anajua kama anaumwa.

Nimelificha kopo nyuma ya mtungi. Pembeni yake nimeweka kopo jingine la aina ileile, ndani yake nzi wa zizi mmoja niliyemshika kwa Bihogo. Ni kwa ajili ya kulinganisha. Mtu anayejifunza mwenyewe lazima awe na vifaa.


Jumatatu, 16 Juni

Mzima alikuwa amelegea. Mbung'o hali mkate, hali sukari, nimejaribu vyote. Ikabidi nigeuze kopo, niweke chandarua juu ya mkono wangu, nitazame ukutani. Akanywa mpaka tumbo likawa jekundu kama nyanya. Gharama ya elimu.

Kisha kazi yenyewe. Nimemtumia yule aliyekufa. Nilitaka kwanza kujua simu ikae umbali gani na miwani, kwa hiyo nikafanya mazoezi nyumbani. Nikamgandisha yule marehemu kwa ulimbo wa fenesi kwenye shingo ya Bihogo, karibu na sikio, sehemu pekee ambayo ukimkuna anatulia. Picha sita. Ya sita safi sana. Shoka linasomeka. Gaju alikuwa akinilamba kiwiko muda wote, ndiyo maana tano za kwanza zina ukungu.

Nikambandua marehemu taratibu, akapoteza mguu mmoja tu, nikaenda naye kwa Idefonsi. Idefonsi alikuwa shambani. Nikamgandisha kwenye nguzo ya banda. Picha nne. Ya nne nzuri.

Jioni nikachagua. Kioo cha simu yangu kimepasuka pembe mbili, picha zinaonekana ndogo kama punje za mtama. Nzi yuleyule, kahawia nyuma, kahawia mbele. Nikachagua iliyo safi zaidi, nikatuma. Mbung'o, kwa Idefonsi.

Jibu limechelewa kidogo, kisha: Hongera sana mzee Protasi. Huyu ni mbung'o kweli. Nakuja Jumatano, nimeomba kikundi kikutane.

Hongera sana. Nimeisoma mara tatu. Nikaenda bandani kumwambia Gaju.


Jumatano, 18 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tulikutana kwa mwenyekiti, kaya zote. Nimevaa koti. Irine alikuja na kishikwambi, picha yangu imejaa kioo chote, nzi mkubwa kama kuku. Aliwaonyesha watu sifa zote, moja moja, kwa kijiti. Sindano. Makasi. Shoka. Akasema katika picha zote alizopokea mwaka huu kutoka vijiji vyote hakuna iliyofikia hii. Watu wakapiga makofi. Mama Clotilda pia. Idefonsi alipiga zaidi ya wote, huku uso umemshuka, maana alielewa banda lake limepotea.

Irine akaniuliza, mbele ya watu, kama ni mimi mwenyewe niliyepiga picha na kama nina hakika na mahali.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya kufika nyuma kwamba picha ni yangu, nimeipiga kwa mkono wangu, na mahali hapo napajua vizuri kuliko mwenye nyumba.

"Ahsante, mzee," akasema. "Maana niliona maelezo yanasema kwa Idefonsi, na nilitaka kuhakikisha usiwe umekosea."

Akaikuza picha. Ile nguzo ya banda ikaota manyoya. Akaisogeza kulia. Ikatokea hereni ya njano, nusu, na namba 0117.

Idefonsi hana ng'ombe. Hereni 0117 ni Bihogo.

Mtu nyuma akauliza 0117 ni ya nani, mwingine akamjibu kwa kidole. Nikajaribu kueleza kwamba nzi huyo si wa kwetu, ni mgeni, alikuwa anapita. Irine akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema wote wanaothibitika husema hivyo.

Ningeweza kusema kweli. Kweli ni kwamba nimebeba mbung'o kwa basi kutoka Biharamulo kuja kwenye kijiji chenye ng'ombe chotara ishirini na saba. Nikakaa chini. Koti lilikuwa na joto.

Uamuzi, kwa kifungu cha tisa, ambacho mwenyekiti alikisoma kwa sauti nzuri kuliko yangu: Gaju aende kwa Idefonsi kama ilivyopangwa. Na Bihogo naye aende, kwa muda, mpaka mitego ya kwangu ikae wiki nane bila kukamata mbung'o hata mmoja. Kwa nini kwa Idefonsi? Kwa sababu banda lake ndilo safi kuliko yote. Irine alikwenda kulikagua kabla ya kikao. Samadi hakuna, nzi wa zizi hakuna, kipanga hakuna. Akasema ni matunda ya ushirikiano wa majirani wawili.


Jumapili, 22 Juni

Kamba zimekabidhiwa. Nilitarajia moja, zilikuwa mbili.

Desturi ni kwamba mtoaji aweke kamba kwenye mikono ya mpokeaji, aseme "mlishe", mpokeaji aseme "nimepokea", na mtoaji ageuke asitazame tena. Nikasema mlishe. Nikageuka. Gaju akanifuata hatua nne, mpaka kamba ikamkamata. Nilisikia kwato, sikutazama.

Wengine walikaa kwenye pombe ya ndizi, mirija saba kwenye kibuyu kimoja. Idefonsi aliniita mara mbili. Nikasema nina kazi. Nilikwenda nyuma ya nyumba. Nikachukua ungo. Hapakuwa na maharage ya kupepeta, kwa hiyo nikapepeta ungo mtupu kwa muda. Mama Clotilda alinikuta hapo, alikuwa amefuata ungo mwingine wa kuazima. Akasimama, akatazama ungo, akaenda zake bila kuazima.


Ijumaa, 27 Juni

Irine amefunga mitego mitatu shambani kwangu. Ni vitambaa vya bluu na vyeusi, juu wavu mweupe, kileleni kichupa cha kukusanyia. Domisiana aliutazama mmoja kwa muda mrefu akasema anakijua hiki kitambaa, ni dada yake kitenge cha kwaya.

Pia Irine aliona alama za kuumwa mikononi mwangu, akanipeleka nikapimwe damu, asije mtu akapata malale. Sina. Mpimaji aliuliza alama za mkononi mbona zimepangwa mduara, ukubwa wa mdomo wa kopo. Nikasema nzi wa kwetu wana utaratibu.

Kila asubuhi Idefonsi anatuletea maziwa ya Bihogo, anabakiza kidogo kwa ajili yake. Leo amenieleza kwamba Gaju hataki kula mpaka akunwe nyuma ya sikio la kushoto, na kwamba jana alimlamba shingo. Alisema huku ananionyesha kola.

Usiku na mchana nafikiria kola ile.


Jumatano, 2 Julai

Jana jambo lilinijia wakati nanawa. Kifungu cha tisa kinasema "wala kubaki". Mbung'o akithibitika kwa Idefonsi leo, Gaju na Bihogo hawawezi kubaki kule. Nami ninaye mmoja mzima, nyuma ya mtungi, nimemlisha mara tano. Safari hii hakuna picha, hakuna ulimbo, hakuna hereni. Namwachia bandani kwa Idefonsi asubuhi, mwenyewe anaruka, saa sita Irine yuko zamu ya kukagua mitego, anapita na kwa Idefonsi, anamwona kwa macho yake. Nilishangaa sikuliwaza mapema.

Asubuhi nimetoa makopo yote mawili uani. Yule nzi wa zizi wa kulinganisha sikumhitaji tena, nikaona nimpe uhuru wake, amekuwa mwanafunzi mzuri. Miwani ilikuwa ndani, juu ya redio. Nikaona kuifuata ni kupoteza muda. Makopo yanafanana, ndiyo, lakini mtu aliyewasoma nzi mwezi mzima hahitaji miwani kujua kopo lake.

Nikafungua la kushoto.

Akatoka polepole, mzito, ameshiba. Akazunguka mara moja juu ya kichwa changu. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye mtego wa kwanza, akatua kwenye kitambaa cha bluu, akalaza bawa moja juu ya jingine. Bapa. Makasi. Hata shoka nadhani niliona. Kwa mara ya kwanza nimemtambua bila picha, bila miwani, bila Irine.

Nikamkimbilia na ungo. Akapanda juu, ndani ya wavu, mpaka kwenye kichupa.

Kichupa kina kufuli. Ufunguo anao Irine.

Alikuja saa sita. Alimtoa, akamweka kwenye kiganja, akaniita nitazame. Jike, akasema, mkubwa, na amekula vizuri sana, mzee, sijui anakula wapi. Nikamwambia sijui. Wiki nane zinaanza upya leo. Kwa kuwa mbung'o sasa ni wawili, si mmoja, ameongeza mitego, imekuwa sita. Domisiana amesema vitambaa vitakavyobaki wamwachie ashonee kwaya.

Idefonsi amekuja jioni na maziwa na pole. Gaju alikuwa naye, kwa kamba. Alinilamba kola, kisha akamlamba Idefonsi kola, akarudi kwangu. Nimehesabu. Mimi mara tatu, yeye mbili. Kwa hiyo jambo bado halijaamuliwa.

Nimekaa nikatafakari kosa langu lilikuwa wapi. Nimelipata. Makopo yalikuwa ya aina moja.

Nimempigia Deodata. Nimemwambia nakuja Alhamisi, anitafutie kopo la rangi tofauti.